Mstari na Nukta Mbili

Fundi akikwambia kitu kimepasuka, muulize kwanza kimepasukia mikononi mwa nani. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya Baba Mapacha, na asubuhi ile pale gereji aliishika kweli kweli. Alisimama mikono nyuma huku Fundi Kesho akimwonyesha, kwa ncha ya bisibisi, ufa mwembamba kwenye silinda hedi, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini na kuzuia maji yasichanganyike na mafuta. Ufa ulikuwepo, hata kipofu angeupapasa akaupata. Lakini Baba Mapacha hakuuliza ufa una urefu gani wala utatengenezwaje. Aliuliza nani aliyeifungua injini, na wakati anaifungua walikuwepo akina nani.

"Nimefungua mimi," fundi alisema. "Ndiyo kazi uliyonipa."

"Na kabla hujafungua, huu ufa ulikuwepo?"

"Sasa nisingefungua ningeuonaje?"

Jibu lilikuwa sahihi, na ndiyo maana halikumridhisha. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache hushukiwa mengi. Jina la Kesho alipewa na wateja, kwa sababu kila aliyeuliza gari lake linatoka lini alijibiwa neno hilo hilo moja. Mvivu wa ahadi alikuwa, lakini mwizi hakuwa. Hakuna aliyewahi kumkuta na hata nati ya mtu. Baba Mapacha aliyajua hayo, akayahesabu kuwa ujanja wa mwizi mzoefu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mkewe jioni ile. Ulikuwa msemo wake wa kila siku, kama wengine wanavyosema hewala.

Alikuwa amefanya kazi ya kutunza stoo kiwandani mpaka siku mali ilipopungua na yeye akafukuzwa kwa kitu ambacho hakukichukua. Tangu hapo hakuamini kitu kisicho na alama. Alama yake ilikuwa mstari mfupi na nukta mbili juu yake, moja kwa kila pacha. Ilikuwa chini ya kila sufuria, kwenye mtungi wa gesi, kwenye mabeseni, kwenye mpini wa fagio na ndani ya viatu vya watoto. Kabla ya kuliacha gari gereji alikuwa ameipiga kwenye betri, kwenye rejeta, kwenye magurudumu yote na hata kwenye jeki. Majirani walisema ipo siku ataupiga alama moshi wa jikoni usije ukahamia kwa jirani.

Gari lenyewe waliliita Kiraka. Lilizaliwa teksi. Mtu mmoja akalikata nyuma na kulichomelea sanduku la bati la kubebea mizigo, mwingine akaling'oa injini na kuliwekea ya kigari cha kusambazia mikate, na mwingine tena, injini ile ilipougua, akaitafutia silinda hedi ya toleo jingine na kuilazimisha ikae. Huyo wa mwisho ndiye aliyemuuzia Baba Mapacha, kisha akahama mji bila kuaga. Kwa sura, Kiraka lilikuwa la kuchekesha. Lakini kila siku alfajiri lilibeba mashuka ya nyumba ya wageni mpaka uani kwa Mama Mapacha, na jioni likayarudisha yamefuliwa na kunyooshwa, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, kuwasomesha mapacha na kulipa pango.

Sasa kulikuwa na mkutano mkubwa unaingia Jumatatu, na vyumba vyote vimeshachukuliwa. Meneja wa nyumba ya wageni, mama mmoja mkavu aliyezungumza na watu huku akitazama simu, alikuwa amesema mara moja na hakurudia: mashuka yakichelewa tena, au yakifika na doa, kazi inakwenda kwa mwingine.

*

Wiki ile Baba Mapacha alizunguka maduka yote ya spea kuukuu, na kila duka lilianza kwa swali lile lile. Gari gani? Akitaja jina la gari, analetewa silinda hedi ya teksi, ambayo matundu yake hayakutani na ya injini. Akitaja injini ya kigari cha mikate, analetewa ya toleo jingine ambayo bolti zinaingia lakini njia za maji zinazibwa. Ikabidi aeleze ukoo mzima: mwili ni wa huyu, moyo ni wa yule, kichwa ni cha fulani.

"Mzee," muuza spea mmoja alimwambia, "hilo gari lako lina baba watatu na hakuna aliyeacha anwani."

Watu wote dukani walicheka. Baba Mapacha hakucheka. Alikuwa ameshaona, kwenye rafu ya nyuma, silinda hedi moja iliyopakwa rangi ya fedha, mpya mpya, na moyo ukamwambia kuwa rangi ile inaficha kitu. Aliiomba aishike. Akaigeuza, akakwangua rangi kwa ukucha pembeni, akitafuta mstari na nukta mbili. Muuza spea akamwuliza anachotafuta ni spea au ni ushahidi. Akamnyang'anya, akairudisha rafuni, na kumwambia aende akanunue panapouzwa na malaika.

Barabarani alijenga kesi nzima kichwani. Fundi Kesho anamjua muuza spea. Walisalimiana wiki iliyopita, yeye mwenyewe aliwaona. Silinda hedi yake nzima ilitolewa, ikawekwa mbovu, na ile nzima ikapakwa rangi ili auziwe mwenyewe. Kila alipoipitia, kesi ile ilizidi kukaza. Kisha akakumbuka kwamba hakuwahi kuipiga alama silinda hedi ya kwanza, kwa hiyo hata angeikuta asingeijua, na hilo lilimuuma kuliko yote. Aliapa kuwa kosa hilo halitarudiwa.

Wakati huo mkewe alikuwa akisukuma mkokoteni. Aliukodi kwa muuza maji, akausugua kwa sabuni, akautandika plastiki na kupanga mashuka juu yake, na hata hivyo siku ya pili gurudumu liliingia shimoni na furushi likaanguka kwenye maji ya mtaro. Akarudi nalo, akafua upya, akachelewa. Kwenye nyumba ya wageni, meneja alimwacha amesimama mlango wa jikoni, wapishi wakimpita huku na kule, na meneja mwenyewe akifungua shuka moja moja na kulinusa. Alilinusa la mwisho, akalikunja, na kumwonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka. Mama Mapacha alirudi nyumbani na mkokoteni mtupu, akalia kidogo nyuma ya kamba za nguo mahali ambapo watoto wasingemwona.

*

Ni Mama Mapacha aliyempigia fundi simu. Hakuficha, lakini pia hakutangaza, na mumewe alipoiona namba ile kwenye simu ya mkewe alikaa kitandani na kuishika muda mrefu.

"Huyu mnaongea nini?" aliuliza.

"Nimemuuliza kitu ambacho wewe hukumuuliza. Nimemuuliza silinda hedi tunaipata wapi."

Na fundi alikuwa amemjibu. Kuna marehemu mmoja aliyekuwa dereva wa mikate. Kigari chake kipo uani kwake mpaka leo, na fundi mwenyewe ndiye aliyewahi kukitengeneza, kwa hiyo anajua kuwa silinda hedi yake ni ya toleo lile lile linalotakiwa. Mjane wake yupo, anaishi peke yake.

Baba Mapacha aliinamisha kichwa. Alimjua mjane huyo. Alikwisha kufika kwake siku mbili nyuma, baada ya kuelekezwa na mtu dukani, na kabla hata hajakaribishwa alikuwa ameomba kuona karatasi za kigari, kisha karatasi za kuonyesha kuwa mwenye kigari kweli amefariki. Mjane alimfungia geti usoni. Hayo yote hakuwa amemwambia mkewe, na sasa ilibidi aseme, akiangalia ukuta.

Mama Mapacha alivaa khanga safi akaenda mwenyewe. Mjane alikuwa mama wa makamo anayetembea kwa kuegemea vitu, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Yule aliyenidai cheti cha kifo ni mumeo?"

"Ndiye, mama. Nimekuja kuomba radhi kwa niaba yake."

Mjane alicheka hadi akashika mlango. Alisema kuwa tangu azikwe, marehemu hajawahi kutiliwa shaka kiasi kile. Kigari kilikuwa uani kimeota majani, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Pesa hakuzitaka, alisema pesa zikiingia mle ndani, wanawe wote watakumbuka njia ya nyumbani. Alichotaka ni kupumzisha mikono yake. Akamtazama Mama Mapacha na kumuuliza yeye anafuaje mashuka mengi namna ile.

Mama Mapacha alikuwa na mashine mbili za kufulia, kubwa na ndogo. Ile ndogo aliinunua kwanza, kabla ya kubwa, kabla hata ya kazi ya nyumba ya wageni, na ndiyo iliyofua foronya na taulo. Alifikiri kwa muda wa kunywa maji. Bila gari hakuna kazi, na bila kazi hata mashine kumi zingefua nini? Akasema ataileta ile ndogo.

Jumamosi asubuhi Fundi Kesho alikuja na vifaa vyake akaifungua injini ya kigari, na kwa mara hiyo moja hakusema kesho. Aliitoa silinda hedi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akausugua uso wake wa chini taratibu mpaka ukang'aa. Akalaza rula ya chuma juu yake, akainama kutazama kama mwanga unapita, akapapasa kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa kuwa ni nzima. Mashine ndogo ikabaki kwa mjane, pembeni mwa bomba, na mjane akawa anaigusa gusa kifuniko.

Baba Mapacha alikuja kuipokea silinda hedi kwa mkokoteni, na hapo alikataa katakata ilale gereji. Hakutoa sababu. Fundi hakuuliza. Aliifunga blanketi, akampa, na kusema tu, "Ibebe kama mtoto. Kesho asubuhi tunaifunga." Laiti angeongeza maneno mawili matatu, lakini maneno kwake yalikuwa adimu.

*

Mchana ule Mama Mapacha alikuwa uani akianika. Baba Mapacha aliilaza silinda hedi kwenye meza ya kunyooshea, akalifunua blanketi, akachukua nyundo na patasi ndogo. Asiyejua maana haambiwi maana, na yeye hakumwambia mtu wala hakumuuliza mtu.

Aliizungusha akitafuta mahali. Upande wa juu ulikuwa na masizi ya miaka. Alama ingepotea humo. Pembeni palikuwa na makunyanzi ya chuma ghafi, patasi ingeteleza. Lakini upande wa chini, ule aliousugua fundi, ulikuwa safi na laini kama sahani, na chuma chake kilikuwa chepesi, cha kupigika. Hapo alama ingeonekana hata baada ya miaka. Na mwizi hawezi kuikwangua bila kuacha kovu.

Alichagua nafasi kati ya tundu la maji na duara kubwa la silinda. Akapiga mstari, akaurudia uingie vizuri. Akapiga nukta mbili juu yake. Akapuliza vumbi, akapita kidole, akaridhika. Mkewe alisikia kugongwa ndani, akadhani anatengeneza meza. Baba Mapacha akaifunga silinda hedi tena kwenye blanketi, na siku hiyo alikula vizuri kuliko siku zote za wiki.

*

Jumapili walikwenda wote wawili, maana Mama Mapacha alitaka kulisikia gari likiwaka kwa masikio yake. Fundi alikuwa amekwisha kutandaza gasketi mpya ya kuziba mwanya juu ya injini. Alinyanyua silinda hedi, na kwa mazoea, kabla ya kuilaza, akaigeuza juani.

Alipita kidole, akarudia. Halafu akaiweka chini juu ya matambara, uso juu, na kuketi kwenye kigoda.

"Hii nani ameipiga?"

Mafundi wa jirani waliinua vichwa. Baba Mapacha aliona namna fundi alivyomtazama na akajua, hata kabla ya kuelewa, kwamba kuna jambo limeharibika. Akafanya alichokizoea. Akasema kwa sauti ya kusikika kuwa kitu kilitoka kwake kikiwa kizima, kimefungwa, na kama sasa kimeonekana kibovu basi aliyekigeuza ndiye wa kuulizwa. Akasema alijua tangu mwanzo kuwa ile gereji ni tundu la wezi. Akasema na mengine.

Ni mmoja wa wale mafundi wa jirani aliyewaeleza, taratibu, kwamba uso ule lazima ukutane na injini bila hata mkwaruzo. Hapa palipopigwa, moto utapenya uingie kwenye maji, na gari halitafika kona. Kusawazisha kwenye mashine? Fundi Kesho akatikisa kichwa. Marehemu alikwisha kuisawazisha mara nyingi. Haina nyama tena. Ikipunguzwa zaidi, valvu zitagonga pistoni.

Mama Mapacha alikuwa amesogea. Aliinama, mikono magotini, akaitazama ile sehemu iliyopigwa. Mstari mfupi. Nukta mbili juu yake.

"Fundi," alisema, bado ameinama, "usijitetee. Hii alama naijua. Iko chini ya kila sufuria ninayopikia."

Baba Mapacha aligeukia mahali pekee palipokuwa pamebaki.

"Ungeniambia," alimwambia fundi. "Ungeniambia kuwa hapo hapaguswi."

"Kweli," fundi alisema. "Sikusema. Hilo ni langu."

Ulikuwa unyenyekevu uliomdhalilisha Baba Mapacha kuliko tusi. Mama Mapacha alisimama, akajifuta mikono kwenye khanga ijapokuwa hakushika kitu. Alimuuliza fundi kama kuna njia yoyote. Fundi alisema wapo wanaojaza kwa kuchomelea, mara nyingine inashika, mara nyingi inapinda yote. Atajaribu.

"Lini?" aliuliza.

Fundi aliwaza. "Sisemi kesho," alijibu.

*

Meneja alipigiwa simu mchana huo huo. Hakufoka. Alisema mwingine alikwisha kuwekwa tayari, na kwamba mashuka yaliyobaki kwao yarudishwe yakiwa safi, kisha wasije tena.

Baba Mapacha alizunguka mitaani akiogopa nyumba yake. Akili nyingi huondoa maarifa; aliusikia msemo huo ukimwandama na hakuwa na wa kumsukumia. Alipoingia, alikuta sufuria zote zimetolewa kabatini na kupangwa kifudifudi mezani, kubwa mpaka ndogo, na chini ya kila moja mstari na nukta mbili zikimtazama. Mbele yake palikuwa na nyundo na patasi.

Mkewe alitoka uani, mikono imejaa povu.

"Nimetafuta humu ndani kitu ambacho hukukipiga alama," alisema. "Nimeona nimebaki mimi tu. Kaa, umalize kazi."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, mumewe angepata la kujibu. Alirudi uani kwenye beseni, kwa sababu mashine kubwa ilikuwa imejaa mashuka na foronya sasa zilikuwa za kufuliwa kwa mkono.

Baba Mapacha alisimama pale. Mke alikuwa amemuumiza na alikuwa na haki, na vyote viwili vilimwasha. Akavichukua nyundo na patasi, akatoka navyo, akaenda moja kwa moja gereji. Fundi Kesho alikuwa anafunga mlango. Baba Mapacha hakuwa mtu wa kuomba radhi na hakujua inavyoanza, alianza katikati. Alisema alikosea. Alisema yale maneno ya mbele za watu ayachukulie kama hayakusemwa. Halafu akanyoosha mikono yote miwili na kumpa vile vifaa. Vilikuwa vizuri, vya enzi za kiwandani, chuma cha kweli kisichopatikana siku hizi. Awe navyo, vimsaidie kazi.

Fundi alivipokea. Aliipima nyundo mkononi na mtu angeona kuwa ameipenda. Akaigeuza mpini. Akaitazama patasi nayo, karibu na shingo. Kisha akavirudisha, kwa adabu, mpini ukiwa umeelekezwa kwa mwenyewe.

"Vina alama yako hivi," alisema. "Siku vikionekana kwangu, nitaitwa nani?"

Akamalizia kufunga mlango, akamtakia jioni njema, akaondoka. Baba Mapacha alirudi na vifaa vyake mkononi. Uani, mkewe alikuwa amefunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo ya kamba, na ncha nyingine akiisokota peke yake.